Yamini Niliyomlisha Fundi Bakari

Nyinyi mnaoingia kazini sasa, mgonjwa anayevuta sigara akikaa mbele yenu, msimwulize anavuta ngapi kwa siku. Atawadanganya, na si kwa ubaya. Mtu huhesabu anazonunua, hahesabu anazoomba barazani. Mwulizeni hivi: ukiamka, sigara ya kwanza unaivuta lini? Anayejibu "nikishakunywa chai, nikikumbuka" ni mgonjwa wa namna moja. Anayeipapasa chini ya mto kabla macho hayajafunguka vizuri ni wa namna nyingine, na ukimtibu huyu kwa maneno uliyomwambia yule, unaweza kumuua. Mimi niliua. Nasema bila kuzunguka kwa sababu nimeshazeeka, na wengi niliokuwa nikiwaonea haya wametangulia.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati Likoni, upande wa Mtongwe, tangu mwanzo wa miaka ya themanini mpaka nilipostaafu. Mbele yangu watu waliniita Sista Mwanaisha. Nyuma yangu waliniita Sista Pilipili, nami jina hilo nililijua na nililipenda. Chumba changu kilikuwa cha vidonda: vya miiba, vya mapanga, vya mawe ya machimboni, vya ugonjwa wa sukari. Siku hizo sindano tulizichemsha ndani ya sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, na bandeji tulizifua na kuzianika kwenye kamba nyuma ya zahanati, mbuzi wa jirani asipoziwahi. Nyinyi mnafungua pakiti na kutupa. Sisi kila alasiri tulikunja bandeji, na ukikunja ovyo sista mkuu anazikunjua zote mbele yako uanze upya. Kwa hiyo mikono yangu ilifundishwa barabara. Namna ya kusema na mtu sikufundishwa na yeyote, na sikudhani kama ni kazi ya kujifunza.

Fundi Bakari alikuwa mshonaji wa kanzu. Alikaa barazani kwake na cherehani ya kukanyaga, miguu inakwenda, mdomoni sigara, na majivu hayakuanguka kwenye kitambaa cha mtu hata siku moja. Alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu. Alinijia na kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia, hakizidi punje ya mtama. Nikakisafisha, nikakifunga, nikamwambia aje baada ya siku mbili. Baada ya miezi mitatu kidonda kilikuwa bado kipo, na kidole cha pili kimeanza kubadilika rangi.

Hapa kuna la kujifunza. Kidonda ukikisafisha vizuri kisipone, acha kukitazama kidonda, ushike mguu. Mguu wa Bakari ulikuwa baridi, na nikitafuta mpigo wa mshipa juu ya unyayo siupati. Mkojo wake tuliupima mara nne, hauna sukari. Daktari aliyekuwa akija kwetu kila Jumatano kutoka ng'ambo ya kisiwani, mtu mpole wa maneno machache, aliushika mguu ule kidogo tu akauliza, "Unavuta?" Bakari akacheka, kwa sababu vidole vyake vya mkono vilikuwa vya manjano na kila mtu chumbani aliviona.

Daktari akaeleza kwamba mishipa ya damu ya mguu imejifunga, na kinachoifunga ni tumbaku. Kuna watu, alisema, mishipa yao haiistahimili hata kidogo. Akiacha kabisa, mguu utabaki. Asipoacha, vitakatwa vidole, kisha unyayo, kisha juu. Bakari akauliza kama moja kwa siku ingemdhuru. Daktari akasema hata hiyo moja. Bakari akautazama mguu wake, na mimi nilijua anachokiona: cherehani isiyo na wa kuikanyaga.

Kazi ya kumwachisha sigara nikapewa mimi, nami nikaipokea kwa furaha, kwani nilikuwa na njia yangu niliyoiamini kuliko dawa yoyote kabatini.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa kusuluhisha magomvi ya mashamba kule Mtongwe. Watu wakigombea mnazi au mpaka, aliwalisha yamini mbele ya jamaa zao, mkono juu ya Mas-hafu, nakala ya Kurani, na ugomvi ukaisha hapo hapo. Nilikua nikiona yamini ikifanya kazi. Nikajiambia, kama yamini inamzuia mtu na mnazi wa mwenzake, kwa nini isimzuie na sigara? Tena sisi tuna Ramadhani. Mvutaji anafunga kutoka alfajiri mpaka magharibi, mwezi mzima, na hafi. Basi anayeweza mchana anaweza usiku, na anayeweza mwezi anaweza mwaka. Hesabu hiyo niliiona imenyooka. Kila mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, niliwakusanya wavutaji wangu siku ya Ijumaa wakala yamini mbele ya watu wao. Maalim wa madrasa aliyekuwa akituletea Mas-hafu aliniambia mara moja kwamba yamini haifanywi dawa. Nikamjibu yeye afundishe watoto, vidonda aniachie mimi.

Nisiwafiche, wako waliofaulu, na wa kwanza wao alikuwa ndugu yake Bakari, tumbo moja, anaitwa Salim, muuza nazi sokoni. Salim alikuwa mvutaji naye. Mwaka uliotangulia alikula yamini yangu, akatupa pakiti mbele yetu, na hakuvuta tena. Hakunenepa, hakukasirika, hakukosa usingizi. Nilimsimamisha mbele ya foleni ya wagonjwa nikamsifu kama bwana harusi kwa kukaza moyo. Kwa hiyo Bakari alipokaa mbele yangu na mguu wake baridi, sikuwa na wasiwasi. Nilimwambia ana baba mmoja na mama mmoja na Salim, damu ni ile ile, atashindwa na nini?

Bakari alisita. Nakumbuka aliuvuta mkono wake kidogo kabla ya kuuweka.

"Sista, mimi nikila yamini siichezei," alisema. "Wataka niile, nitaila. Lakini nchelea."

Nikamwambia kuchelea ni dalili ya moyo mdogo. Akaweka mkono, akaapa kwamba hatavuta tena, na mkewe Mwanakombo akalia kwa furaha.

Kwa siku nne alikuja kusafishwa kidonda kama kawaida. Siku ya tano mikono ilikuwa ikimtetemeka, jasho linamtoka, na alimkaripia mzee aliyekaa karibu naye kwenye benchi kwa sababu ya kukohoa. Siku ya sita hakuja. Wiki ikapita, kisha nyingine. Salim alipopita nikamwuliza, akasema nduguye ameonekana akivuta nyuma ya choo, ameinama kama mwizi.

Wallahi nilikasirika. Nilijiona nimedharauliwa mimi, zahanati yangu na marehemu baba yangu. Chumba kilikuwa kimejaa watu, na sauti yangu mnaijua. Nilimwambia Salim, "Mwambie ndugu yako zahanati hii ni ya watu wanaotimiza ahadi zao. Asinijie hapa na yamini ya uwongo." Watu wakacheka kidogo. Salim naye akatabasamu, akaenda, akaufikisha ujumbe vile vile nilivyoutoa.

Mgonjwa asiyekuja ndiye mgonjwa wenu mkubwa kuliko wote waliokaa kwenye benchi. Hilo nimelijua nikiwa nimechelewa. Wakati ule nilimfuta kwenye daftari langu la bandeji na nikawapa wengine nafasi yake.

Ilipita miezi mitatu hivi. Asubuhi moja Mwanakombo akaja peke yake, akasimama mlangoni, hakuingia. Nikamwuliza mumewe amezidi kuvuta au vipi. Nilikuwa bado na pilipili yangu.

"Mume wangu yuwafunga, Sista," alisema. "Yuwafunga mpaka amekwisha."

Sikuelewa. Ramadhani ilikuwa mbali. Ndipo akanieleza, akiutazama mlango badala yangu. Bakari alipovunja yamini mara ya kwanza, alikwenda kwa maalim usiku huo huo kuuliza afanye nini. Maalim akamwambia yamini iliyovunjwa ina kafara yake: kulisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Kulisha watu kumi Bakari hakuweza, basi akafunga tatu. Akala yamini upya, peke yake, chumbani. Akakaa siku mbili, akavuta. Akafunga tatu nyingine. Akaapa tena. Maalim akamsihi asiape tena, akamwambia kuacha bila kuapa si dhambi, lakini Bakari akasema Sista amesema anayetimiza ahadi ndiye mtu. Miezi yote ile, nilipokuwa nikimsimulia kila mtu habari ya moyo wake mdogo, yeye alikuwa akifunga tatu tatu, mguu unaoza, anakanyaga cherehani na njaa tumboni.

Niliondoka na Mwanakombo vile vile na aproni yangu. Bakari alikuwa amelala barazani, mguu umefunikwa kwa kipande cha kanzu. Nilipofunua, vidole vyote vitano vilikuwa vyeusi na weusi umepanda mpaka katikati ya unyayo. Aliponiona alijaribu kuketi, akaniambia shikamoo, mimi niliyemzidi miaka michache tu. Kisha akasema, "Leo niko kwenye ya pili, Sista. Kesho namaliza." Alikuwa ana maana siku ya pili ya kufunga. Nilimbeba na jirani mmoja mpaka kwenye gari, tukavuka kwa kivuko mpaka hospitali ya kisiwani, na kesho yake asubuhi mguu ukakatwa chini ya goti.

Jumatano iliyofuata nilimpeleka daktari nyuma ya zahanati, penye kamba za bandeji, nikamweleza yote, na yamini yangu. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kile nilicho nacho shavuni ni nini. Nikasema tambuu. Akauliza ndani yake mna nini. Mlikuwa na popoo, chokaa na tumbaku, tangu nilipoolewa, kama mama yangu na bibi yangu, na katika miaka yote ya kuwahubiria watu sikuwahi kuihesabu ile kuwa tumbaku. Daktari akasema, "Iache siku saba, halafu tuzungumze."

Niliiacha siku nne. Siku ya pili niliona kichwa kinavimba. Siku ya tatu nilimpiga mwanangu kwa sababu ya kijiko. Siku ya nne nilijikuta jikoni, mkono uko ndani ya kijaluba cha tambuu, na wallahi sikumbuki nilivyofika pale. Nikarudi kwa daktari mdomo mwekundu, nikakaa, nikasikiliza.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyofahamu. Ndani ya tumbaku mna kitu kinaitwa nikotini. Ukivuta, kinafika kwenye ubongo kabla hujamaliza kupuliza moshi. Kwenye ubongo kuna vipokezi, vimeumbwa kwa kazi nyingine ya mwili, lakini nikotini inavitosha kama ufunguo kwenye kufuli, na ikivifungua mtu anapata utulivu na raha kidogo. Ukiendelea, ubongo unaongeza vipokezi. Mvutaji wa miaka anavyo vingi kuliko wewe. Nikotini ikipungua kwenye damu, vyote vinakaa vitupu, na utupu huo ndio jasho, ndio mikono kutetemeka, ndio kumkaripia mzee anayekohoa. Mtu hapo hatafuti raha, anatafuta kuwa sawa na nyinyi mlivyo bila kuvuta.

Nikamwuliza, na Ramadhani? Akasema kutoka alfajiri mpaka magharibi nikotini karibu yote inatoka kwenye damu, vipokezi vinapumzika, na kwa sababu hiyo sigara ya magharibi ndiyo inayopiga kwa nguvu kuliko zote. Tena mfungaji anajua saa yake itafika. Kuweza mchana hakumfundishi mtu kuacha, kunamfundisha kungoja. Nilikumbuka wavutaji wetu wote wanavyokimbilia kiberiti hata tende haijashuka kooni, na mimi nikihesabu hiyo kuwa ushahidi wa njia yangu.

Nikamwuliza, na Salim je? Mama mmoja, baba mmoja. Daktari akasema elimu hiyo bado inakua, na sisi hatuna kipimo, yeye anakisia tu. Lakini nikotini huvunjwa na ini, na kasi ya ini kuivunja mtu anarithi. Kwa mwingine inavunjwa upesi, muda mfupi ameshakuwa mtupu, anataka tena. Kwa mwingine inakaa, moja inamtosha siku nzima au inamtia kichefuchefu. Vipokezi navyo havifanani kwa watu wote. Na ndugu wa tumbo moja hawagawiwi urithi sawasawa. Mmoja anachukua hiki cha baba, mwingine kile cha mama. Hii haina maana kwamba kuna aliyeandikiwa sigara, alisema, wako wenye mzigo mzito walioacha, kwa kurudia na kurudia. Ina maana kwamba mzigo haukuwa mmoja.

Nilikwenda kumtaka radhi Bakari. Alikuwa amefundishwa kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, anashona polepole, na sigara ipo. Nilimwambia nilikosa, na kwamba kuanzia siku ile ana ruhusa ya kunijia amevuta au hajavuta. Alinisamehe upesi mno, kama mtu anayetaka mgeni asione tabu. Akaanza kuja tena. Nilimfundisha nilichokuwa nimefundishwa: kuivuta ya kwanza baadaye kidogo kila siku, kumwambia Mwanakombo badala ya kujificha, akianguka ahesabu siku alizoweza. Alifika mpaka nne kwa siku, yeye ambaye zamani zake hazikuhesabika. Mara moja alikaa siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa za mtu yule, nyinyi hamjui ni nini. Ingekuwa tumeanza hivyo kwenye kidole kidogo, labda.

Mguu wa kushoto ulianza mwaka uliofuata. Ukaingia maambukizo kabla madaktari hawajauwahi, na Bakari hakurudi kutoka hospitali ya ng'ambo. Mwanakombo alisema siku mbili kabla ya kufa alikula yamini tena, kitandani, na mgonjwa wa jirani akampa sigara.

Kwa hiyo alikufa ana kafara ya siku tatu. Kwetu maiti akiwa na deni la saumu jamaa yake humfungia, na Salim akasema atafunga yeye. Mimi sikuombwa. Nilifunga siku ya tatu pamoja naye, na maalim akaniambia yangu itakuwa sunna tu, haimfikii marehemu. Nikasema na iwe sunna. Magharibi tulifuturu barazani kwa Bakari, cherehani imefunikwa shuka. Salim alikula tende moja, akanywa maji, akakaa. Mwanakombo alikuwa akituletea uji.

"Sista, mimi sikuacha kitu," Salim alisema. "Sigara ilikuwa yanitia kichefuchefu. Moja ya asubuhi, kichwa chanizunguka mpaka adhuhuri. Nilikuwa navuta nikae na watu. Ulipotulisha yamini nikaona afadhali, nikatupa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Ulinisifu," alisema. "Watu wote wakanitazama. Halafu Bakari akanijia, mguu wake bado mzima, akaniuliza, nduyangu, wewe ulifanyaje? Nikamwambia nilikaza moyo."

Mwanakombo aliweka bakuli la uji chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Salim akaanza kulia. Neno hilo la kukaza moyo Salim hakulitunga yeye. Alilisikia kwangu, siku nilipomsimamisha mbele ya foleni, na alimpelekea nduguye kama alivyompelekea ule ujumbe wangu mwingine.